Nilipopewa Kifundo cha Mkono

Siku ile mliponiaga mlinipa kitenge, keki na kipaza sauti, mkasema, "Sista Amina, tuachie maneno mawili matatu." Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba nililotaka kuwaambia halisemwi mbele ya keki. Nimeliandika hapa nyumbani kwangu Unyambwa, nimekaa mlangoni, kuku wananichungulia, maana siku hizi hakuna foleni ya kunichungulia.

Habari za vyeo naziacha. Ziko kwenye jalada, jalada liko kabatini, na panya wakipenda watazisoma. Hospitali nayo siitaji jina, ninyi mnaijua. Nitawapa habari za kazi, na zaidi habari za mgonjwa mmoja, mama Salome wa Ulemo, ambaye jicho lake moja nalibeba mimi mpaka nitakapoingia kaburini.

Nilihamishiwa chumba cha macho nikitokea wodi ya watoto. Kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro, na upepo wa Singida ulikuwa unaingia chini ya mlango na vumbi lake lote. Mkuu wa chumba alikuwa mzee Shila, daktari msaidizi wa macho, Mnyiramba mrefu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kutafuna mkono wa miwani yake akiwaza. Siku ya kwanza hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Alinipa pamba nisafishe lenzi, moja moja, kisha akaniambia nikae kwenye kiti cha mgonjwa. Nikakaa. Akanimulika machoni kwa tochi bila neno lolote mpaka machozi yakanitoka.

"Unajisikiaje?" akauliza.

"Naumia, mzee."

"Na wao wataumia hivyohivyo. Basi kabla hujammulika mtu, msalimie."

Salamu ya mzee Shila ilikuwa kazi nzima. Alisimama, akampa mgonjwa mkono, akaushika hasa, akauliza habari za nyumbani, za mtama, za ng'ombe, za maji. Mimi pembeni nachemka, kwa sababu foleni ilikuwa imefika stoo ya magodoro. Siku moja nikamwambia, "Mzee, foleni." Akanijibu, "Foleni haijawahi kuumwa, Sista. Jicho nalo halikuja hapa kwa miguu yake, limeletwa na mtu. Muangalie kwanza aliyelileta." Nilimuona mzee wa kizamani. Nilikuwa kijana na nilikuwa na mikono myepesi, na mtu mwenye mikono myepesi hujiona anajua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tochi, kioo cha kukuzia, vikaratasi vya rangi ya njano, na darubini ya macho yenye kiti kilicholia kila ukikaa. Vile vikaratasi nilivipenda kuliko vyote. Unagusisha ndani ya kope, mgonjwa anapepesa, unawasha mwanga wa bluu, na pale kioo cha jicho kilipochubuka panang'aa kijani. Hapadanganyi. Nasema kioo kwa sababu ndivyo wagonjwa wetu wanavyoiita konea, ile sehemu ya mbele iliyo safi unayoonea. Haina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana ni safi. Chakula chake kinatoka kwenye machozi na kwenye maji yaliyo ndani ya jicho, na pembeni kwenye ukingo, pale weupe unapokutana nacho. Mishipa ya damu inaishia hapo ukingoni kama barabara ya gari inavyoishia kijijini, baada ya hapo ni miguu. Ukingo huo ukumbukeni, nitarudi.

Wagonjwa wetu wengi wa kioo walikuwa watu wa shamba. Maganda ya alizeti wakati wa kupiga, makapi ya mtama wakati wa kupepeta, na ule upepo unayatupa machoni. Wapo waliokuja na vikope, kope zimegeukia ndani zinakwaruza kila wakipepesa. Wapo waliokamuliwa majani na jirani mwenye huruma, wakafika jicho limeiva. Nilijifunza kusema kwa sauti ya chini wakati moyoni natukana. Baada ya miaka michache nikaanza kujua jibu kabla mgonjwa hajakaa. Alizeti. Mtama. Jirani. Hapo ndipo pa kuogopa, vijana wangu, unapoanza kujua jibu kabla mtu hajakaa.

Mama Salome alikuja wiki ambayo mzee Shila alikuwa kwenye huduma ya mkoba, anatibu vijijini huko Mkalama, na chumba nilikuwa nacho mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kitenge kisafi, jicho la kulia jekundu linatoka machozi, amelifunika na kona ya khanga kwa sababu ya mwanga. Foleni ilikuwa imefika stoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa mkono. Yeye akakunja kiganja, akanipa kifundo. Ninyi mnaijua salamu hiyo, sote tumelelewa nayo: mtu mwenye unga, tope au maji mkononi hakupi kiganja, anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika. Ni adabu. Nikakishika. Alikunja uso kidogo, nikajua ni jicho.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nachambua vitunguu. Nakata mikia na mizizi, mzee wangu anajaza viroba."

Basi nikalipata jibu langu. Ulikuwa msimu wa vitunguu, na huyu mama mwenye adabu ananikunjia kiganja ili asinipake harufu ya kitunguu mimi mtu wa macho. Nikampenda kwa hilo. Nikaweka rangi, nikawasha bluu. Kijani kikang'aa ukingoni, chini upande wa nje, kimejikunja kama kucha iliyokatwa. Niliona kwamba kimekaa mahali pasipo pa kawaida, maana ganda likiingia jichoni haliendi kukaa ukingoni na kuchora kucha. Niliona, halafu nikaendelea. Nikaandika: kidonda cha kioo, maganda ya vitunguu. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa hali ya mwili. Nikaandika "nzuri". Nikampa matone ya kuua vijidudu na mafuta ya usiku, nikamwambia arudi baada ya siku tatu.

Alirudi siku ya tatu. Hali ni ileile. Akasema maumivu yanapanda mpaka kwenye nyusi. Nikabadilisha matone, nikamwambia akae mbali na vitunguu, arudi baada ya wiki. Akanipa tena kifundo cha mkono, nikakishika tena.

Wiki ilipita zikaongezeka siku tatu. Aliporudi alikuwa ameshikwa mkono na mume wake, mzee Yohana, mtu mfupi mkimya. Akasema asubuhi ile maji ya moto yalimtoka jichoni, kisha maumivu yakapungua, akafikiri anapona. Mimi nilijua maji hayo ni yapi: ni yale ya ndani ya jicho. Mzee Shila alikuwepo. Akasimama, akampa mkono. Mama Salome akakunja kiganja, akatoa kifundo. Mzee Shila hakukishika.

"Mama, leo hujashika vitunguu," akasema. "Nipe mkono."

Akasubiri. Kumbukeni kwamba foleni ilikuwepo, naye alisubiri. Mama Salome akafungua kiganja polepole. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa, na vidole vyenyewe vimelala upande mmoja kuelekea kidole kidogo. Mzee Shila akaupokea mkono ule kwa chini, juu ya kiganja chake, kama unavyobeba kifaranga.

"Tangu lini?"

"Ee, miaka. Asubuhi havifunguki mpaka jua liwe juu. Yohana ndiye ananifunga kitenge."

"Ulimwambia Sista?"

"Sista ni wa macho, baba. Nimwambie habari za vidole?"

Kioo kilikuwa kimetoboka pale pale penye ile kucha. Mzee Shila akalifunika jicho kwa kikombe kigumu kisicholigandamiza, akaandika rufaa ya Dodoma, wakaondoka siku hiyohiyo. Hakunigombeza. Walipotoka tu akakaa, akatafuna miwani.

"Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia, mzee."

"Ulishika nini?"

"Kifundo."

Kisha akanieleza, na sijawahi kueleza vizuri kuliko alivyoeleza yeye siku ile. Baridi yabisi, akasema, ile ya kweli inayovimbisha viungo, siyo ugonjwa wa vidole. Ni askari wa mwili wamechanganyikiwa, wanapiga nyumba yao wenyewe. Wanakwenda popote damu inapokwenda. Kwenye kioo damu haiingii, kwa hiyo wanaishia ukingoni, na hapo ukingoni wanapiga kambi na kuanza kuyeyusha. Unaweza kuweka matone mpaka chupa iishe, hakuna kijidudu cha kuua. Dawa yake inapita mdomoni na kwenye mshipa, inawatuliza askari mwili mzima. Akasema wengi wa namna hii ugonjwa wao wa viungo ni wa miaka, na jicho likianza kuyeyuka ni dalili kwamba mwili wote uko hatarini, si jicho tu. "Jicho lilikuwa linakuletea barua," akasema. "Wewe ukasoma bahasha."

Dodoma walishindwa kuliokoa. Lilikuwa limeingia uchafu, wakalitoa. Wakamwambia abaki aanze dawa za viungo. Akasema jicho limeshatoka, vidole ameshavizoea, dawa ya nini tena. Yohana akamchukua wakarudi Ulemo.

Barua ya Dodoma ilipofika mzee Shila aliisoma mara mbili. "La pili litafuata," akaniambia. "Sijui lini. Nenda Ulemo ukamwambie."

Sikwenda. Nawaambia ninyi ambao mliniita mama wa chumba cha macho: sikwenda. Wiki hii gari halipo, wiki ijayo nina zamu, wiki nyingine mvua. Gari lilikuwepo. Niliona haya. Nilikuwa naogopa kukaa mbele ya mtu yule aniangalie kwa lile jicho moja. Nikamaliza miezi mitatu namna hiyo, na katika miezi hiyo watu wakinisimulia habari zake walikuwa wananipa ule msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa. Niliitikia, Mungu anisamehe. Mama yule hakuficha. Alininyooshea maradhi yake mara mbili, nikayashika kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku moja asubuhi mzee Shila akaja na funguo, akaziweka juu ya faili nililokuwa naandika. "Gari liko nje. Dereva ameshajua njia." Basi nikaenda.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Nilimkuta mzee Yohana anashona viroba, na mama Salome amekaa kwenye mkeka anachambua vitunguu, ameligeuzia jua mgongo. Hapo moyo ulishtuka kabla sijafika uani. Asubuhi ya baridi kila mtu wa Iramba anaelekea jua alipokee usoni. Anayeligeuzia mgongo, jicho lake lina neno.

Nikamsalimia, akanipa kifundo, nikakipokea kwa chini kama nilivyoona kwa mzee wangu. Nikaomba kuangalia jicho. Akakubali kwa uchovu, kama mtu anayemruhusu mtoto achezee kitu. Nikamwingiza ndani penye giza, nikaweka rangi, nikawasha kitochi changu cha bluu. Kucha ilikuwepo. Ndogo, nyembamba, ukingoni chini, kijani.

Tulipotoka nikamwambia, "Mama, twende Dodoma leo. La pili limeanza."

Yohana ndiye aliyejibu. "Mlilitoa la kwanza. Mnataka na hili?"

"Baba, una haki."

"Sikuulizi haki yangu. Nauliza, tuje tena kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema habari za askari na kambi, kwa maneno mazuri. Hayakutoka. Nikakaa chini kwenye mkeka kati ya maganda ya vitunguu.

"Mama, siku ile ya kwanza ulinipa kifundo cha mkono. Nikadhani una vitunguu mkononi. Sikukifungua kiganja. Ningekifungua ningeona vidole, ningemtafuta mzee Shila, ungeanza dawa, na jicho lako huenda lingekuwepo. Sikuja kukuambia ni bahati mbaya. Ni mimi."

Yohana aliacha kushona. Mama Salome aliweka kitunguu mapajani. Kisha akasema bila hasira, na afadhali angesema kwa hasira:

"Nilikuwa nimenawa, mwanangu. Nje ya geti lenu kulikuwa na bomba. Nikaomba kipande cha sabuni kwa mama muuza chai, nikanawa mara mbili. Nilisema naenda kwa mtu wa macho, nisimpelekee harufu."

Chuoni mnafundishwa kwamba muuguzi halii mbele ya mgonjwa, na mimi nimewafundisha hivyohivyo. Nililia. Nililia mpaka dereva akashuka kwenye gari kuangalia kuna nini, akarudi.

Yohana akamwambia mkewe maneno kwa Kinyiramba. Mimi Mnyaturu wa Ilongero nilishika nusu yake, na nusu hiyo ilitosha. Alikuwa anamwambia kwamba miaka yote hii hajasikia mtu wa hospitali akisema kosa ni lake. Kisha akanigeukia.

"Dawa hiyo italirudisha lile?"

"Hapana, baba."

"Na hili?"

"Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Tukiwahi, lipo tumaini. Tukichelewa, halipo."

Mama Salome akauliza, "Utakwenda nami wewe mwenyewe?"

"Nitakwenda."

"Haya. Nifunge kitenge."

Nikamfunga kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza kumfunga mtu mzima kitenge, na pamoja na mikono yangu ile myepesi, fundo likalegea njiani mara mbili.

Dodoma walimlaza. Siku tatu za dawa za steroidi, zile za kuwatuliza askari, kwenye dripu, kisha vidonge, kisha vidonge vya methotrexate ambavyo mimi na yeye tuliviita vidonge vya wiki. Mimi nilichukua likizo nikakaa naye siku hizo, nikilala kwa binamu yangu. Siku ya nne daktari alipomuangalia akasema ukingo umeacha kuyeyuka. Umebaki mwembamba, akasema, lakini umesimama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikala chapati tatu. Sikuwa nimekula vizuri tangu Ulemo.

Hapa niwaambie jambo la kazi, mliandike. Vidonge vile humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akivimeza kila siku kama alivyozoea vidonge vingine, vinaweza kumuua. Usimwambie "mara moja kwa wiki" ukageuka kumwita mwingine. Muulize ni siku gani, alitaje yeye, na uandike siku hiyo kwenye pakiti. Mama Salome alifikiri, akasema, "Jumapili ni ya kanisa. Ijumaa ni ya kwenu. Jumatano haina mwenyewe." Tukachukua Jumatano. Nikamwambia kila akimeza anipigie. Vipimo vya damu navyo nikavishika mimi, tarehe zake zikawa kwenye daftari langu la nyumbani pamoja na siku za kuzaliwa za wanangu.

Tangu wiki ile, kila Jumatano saa tatu asubuhi, simu ya tochi ya mzee Yohana ilikuwa inanipigia.

"Nimemeza."

"Jicho?"

"Lipo."

Basi. Akakata. Nimepokea simu hiyo nikiwa kwenye semina, nikiwa kwenye msiba wa mama yangu, nikiwa kwenye basi. Mliokuwa mkinisikia nikisema "Jicho?" halafu nafurahi peke yangu korido nzima, sasa mnajua.

Mzee Shila alistaafu akarudi kwao, na baada ya muda akafariki. Tulikwenda kumzika. Mama Salome alikuwepo, ameshika mkono wa Yohana, akaangalia kaburi kwa lile jicho lililobaki mpaka watu wakaanza kuondoka. Ile miwani iliyotafunwa walimzika nayo, na ilistahili.

Mimi nikabaki na salamu zake. Nilianza kushika mikono kama mgonjwa wa kushika mikono. Mlinicheka, najua, mliniita Sista Mgombea, eti nasalimia kama mtu anayetafuta kura. Lakini ndani ya viganja nilipata mengi. Nilimpata mwalimu mmoja kijana, macho yanamchoma kama yana mchanga, ameshazunguka maduka ya dawa yote ya mjini. Vidole vyake vilikuwa vinauma asubuhi. Nikamuuliza, "Ugali unaweza kuumeza bila maji?" Akashangaa, akasema hapana, tangu mwaka jana kila tonge analisukuma na maji. Nikamning'inizia kikaratasi cha kupimia machozi kwenye kope ya chini, dakika tano, kikatoka karibu kikavu. Mwili ulikuwa umekausha machozi yake na mate yake pamoja, ni ndugu wa ugonjwa uleule wa askari waliochanganyikiwa. Yupo dada mwingine mwenye wekundu mashavuni na nywele zinazokatika, jicho lilikuwa tatizo dogo kuliko yote aliyokuwa nayo, figo ndizo zilizokuwa zinaumwa kimyakimya. Yeye alikuja kuomba miwani.

Siwaambii haya ili mnione hodari. Kila mmoja niliyempata, nilimpata kwa jicho la mama Salome. Yeye ndiye aliyelipa, na hakuulizwa kama anakubali kulipa. Watu wanasema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi msemo huo siupendi. Lile la kwanza lilikuwa kosa.

Siku mliyoniaga ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeshamkabidhi mama Salome kwenu, na daftari la vipimo, nikampigia kumwambia kwamba kuanzia sasa awapigie ninyi pale chumbani. Akasema sawa. Jumatano ya kwanza nikaamka, nikafagia, nikawapa kuku pumba. Ikafika saa tatu. Simu haikulia. Nikajiambia, Amina, wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Saa nne nikawapigia ninyi, mkasema hajapiga. Nikapiga namba ya Yohana, haipatikani. Saa tano nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda stendi, na kichwani nimeshaona ukingo umeyeyuka, nimeona kikombe kigumu, nimeona vyote.

Bodaboda ikasimama nje. Akashuka mama Salome, taratibu, na kiroba cha vitunguu.

"Shikamoo mama. Simu?"

"Marahaba. Simu nimemwachia Yohana, haina chaji. Wale watoto wako wa hospitali nitawapigia wiki ijayo." Akanipa kifundo cha mkono, nikakipokea kwa chini, kama miaka yote. "Leo nimekuja kumeza hapa. Umehesabu Jumatano zangu zote kwa sikio, hujaiona hata moja."

Nikamfungulia pakiti, kwa sababu vidole vyake haviwezi. Vilishapinda na havitanyooka, dawa ilisimamisha ugonjwa, haikurudisha vilivyoharibika. Akameza mbele yangu, kidonge baada ya kidonge, bila haraka. Kisha akageuza uso kwenye mwanga wa mlango bila kuombwa. Nikatazama ukingo. Mwembamba, safi.

"Lipo," nikasema mimi.

"Lipo," akasema.

Tukala ugali na mlenda. Nilimmwagia maji ya kunawa kabla na baada, akasugua viganja vyake polepole, mbele na nyuma, na sabuni. Hatukuongea habari za zamani. Tuliongea bei ya mbegu, na kuku wangu, akasema ni wembamba kwa sababu nawapa maneno badala ya pumba.

Bodaboda iliporudi nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikaweka mkono tayari, kiganja juu, kupokea kifundo. Hakukunja mkono. Aliufungua kidole kimoja kimoja, kile, na kile, vilivyokubali na visivyokubali, akauweka mkono mzima ndani ya mkono wangu.

"Shika, mwanangu," akasema. "Nimenawa."